App ya paswedi ya "bure" iliyoninyima paswedi zangu mwenyewe

Nina hasira na hii kitu mpaka leo na naandika kwa sababu najua kuna watu wako ndani ya app kama ile na hawajui. Mimi nina steshenari, tunafanyia watu maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, vyeti vya RITA, ritani za TRA, ukijumlisha akaunti zangu za ofisi na za familia paswedi zinapita mia na daftari la kaunta kila anayepita analisoma. Ndiyo maana niliingia kwenye app ya kutunza paswedi ya kampuni moja ya nje, jina naliacha. Ilikuwa bure na niseme haki, miaka yote ile ilikuwa tamu, unagusa tu inajaza yenyewe.

Sasa katikati ya msimu wa mikopo, foleni imefika barabarani, ikaja na tangazo kwamba mpango wa bure umebadilika. Paswedi zako utaendelea kuziona, ila kuzitoa zote kwa faili moja uhamie kwingine, mpaka ulipie. Yaani mlango wa kuingia bure, wa kutokea una bei! Nikawaandikia huduma kwa wateja nikawaeleza taratibu kabisa, sitaki kitu chenu, nipeni vilivyo vyangu niondoke. Wakajibu baada ya siku nzima kwamba watumiaji wa bure hawahudumiwi na mtu, nikasome ukurasa wa msaada. Nikaandika tena, na huyu aliyejibu safari hii akaniuliza kama nimewahi kuwalipa chochote.

Nimewahi kuwalipa chochote! Mtu akija dukani kwangu kuulizia bei ya fotokopi akaondoka bila kutoa hata mia, kesho akirudi simuulizi umewahi kununua nini hapa. Na hizo paswedi nilizitengeneza mimi siyo wao. Nikakaa usiku nazinakili moja moja kwa mkono hadi macho yanauma.

Nimehamia KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye simu na kwa upande huo nina furaha sana. Paswedi zako zote ziko kwenye faili moja lililofungwa kwa paswedi kuu, faili liko kwako, hakuna akaunti wala kampuni katikati. Dominik Reichl alitoa KeePass ya kwanza mwaka 2003 na mpaka leo kuna programu kibao za watu tofauti zinazofungua mafaili ya aina hiyo, kwa hiyo mmoja akiacha kazi wewe unachukua faili lako unafungulia kwa mwingine. Hicho ndicho nilichokosa kule.

Najua mtaniambia si ungelipia tu yaishe. LastPass, kampuni ya app ya paswedi, mwaka 2021 waliwaambia wa bure wachague, kompyuta au simu, siyo vyote viwili, watu wengi wakalipia. Mwaka uliofuata wezi wakaondoka na nakala za makabati ya paswedi ya wateja wao, na anwani za tovuti zilizokuwa humo hazikuwa zimesimbwa, yaani zinasomeka wazi, na waliolipa wamo pia. Kwa hiyo kulipa peke yake siyo kinga.

Ila lile swali lao limenikaa kichwani, limenikera na bado limekaa. Maana hizi ninazozisifu nani anazilipia? Mimi faili nalihamisha toka kompyuta kwenda simu kwa Syncthing, haipiti kwa mtu, safi kabisa, halafu mwaka 2024 aliyekuwa anasimamia app ya Syncthing ya Android akatangaza anaacha, Google Play walikuwa wanamsumbua na wa kumsaidia kuitunza hakuna. Nimeishia Syncthing-Fork, toleo jingine la app hiyo, ambayo nayo imebebwa na watu wa kujitolea. Na siyo vitu vidogo tu. Mwaka 2014 tundu la usalama liitwalo Heartbleed lilipogundulika kwenye OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ikajulikana michango waliyokuwa wanapata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mabenki yanaitumia, makampuni makubwa yanaitumia!

Ndiyo maana nikiona mtu anaipa KeePassDX nyota moja eti haina rangi nzuri damu inanichemka. Hizo rangi ziko kwenye toleo la Pro, unalipa kidogo unamsaidia aliyeitengeneza, na la bure linafanya kazi zilezile. Mimi nimelinunua, na rangi sijazibadilisha hata. KeePassXC nao nimewatumia mchango kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, siyo hela nyingi, na nitatuma tena.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msiguse app ya kampuni yoyote ile. Lakini mke wangu hana kompyuta na habari za kusawazisha mafaili hazitaki kabisa, yeye nimemwekea Bitwarden ya bure, app ya paswedi ya kampuni. Msimbo wake uko wazi yeyote aukague, inafanya kazi kwenye vifaa vyako vyote, na kutoa paswedi zako zote ni bure, nilijaribu hilo kwanza kabla ya kuweka hata paswedi moja. Mwaka 2022 walipokea dola milioni 100 za wawekezaji na hilo linanipa wasiwasi kidogo kwa sababu mwekezaji lazima adai chake, ila mpaka sasa kwake sina la kulalamika. Nyie pia kabla hamjachagua jaribuni kwanza kutoka. Na wa KeePass, nakala ya lile faili iwe sehemu mbili, flashi moja ikae nyumbani siyo dukani.