Gamma Knife, Sheffield: uvimbe umebaki, nami nimeridhika

Kama unakwenda kutibiwa kwa Gamma Knife ukitarajia kutoka huna uvimbe, lijue hili mapema: hauondolewi. Unapigwa mionzi ili ukome kukua. Wangu ulikuwa kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto, si saratani, na haukufika sentimita mbili. Kliniki ya kwanza waliniambia ni nta ya sikio, wakanipa matone. Nilipoanza kupepesuka nikitembea ndipo nikapelekwa MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa.

Nilitibiwa hospitali ya Royal Hallamshire, mjini Sheffield, Uingereza, ambako kazi hii inafanywa tangu 1985. Jina linatisha, maana “knife” ni kisu, lakini hukatwi wala hulazwi usingizi. Mashine za siku hizi zina vyanzo 192 vya kobalti-60, madini yanayotoa mionzi. Mwale mmoja mmoja ni dhaifu, unapita kwenye ubongo bila madhara ya maana. Nguvu iko pale inapokutana yote. Ndiyo maana kichwa hakitakiwi kusogea hata chembe, hasa kwa uvimbe kama wangu uliolalia karibu na mshipa wa fahamu wa uso.

Sehemu ngumu ni fremu, yaani vyuma vinavyofungwa kichwani kwa skrubu ili kisisogee. Sindano za ganzi ziliniuma kwelikweli, mbili kwenye paji la uso na mbili kisogoni. Skrubu zenyewe nilihisi kubanwa tu. Muuguzi alivuta pazia kabla sijavua mtandio, bila kuombwa. Fremu ikishafungwa mtandio haukai, basi dada yangu akanitanda kanga juu ya vyuma vile, tukasubiri daktari na mwanafizikia wapange miale. Mungu awabariki wote kwa subira yao.

Mionzi yenyewe huisikii: haina joto, haina maumivu. Nililala macho wazi, taarab ikipigwa, nikaisikiliza kwa sikio la kulia. Jioni nilikuwa nyumbani nakula uji.

Miezi kadhaa baadaye kizunguzungu kilirudi kwa nguvu, nikaingiwa na hofu. Picha ikaonyesha uvimbe umefura. Nilikuwa nimetahadharishwa kuwa hutokea, kisha hunywea, na kweli picha iliyofuata ilionyesha umepungua, katikati umekuwa mweusi. Uso wangu uko sawa, natabasamu pande zote mbili. Usikivu wa kushoto haujarudi, tena unazidi kufifia polepole, na hilo linaniuma. Nyota nne kati ya tano.

Si kila mtu inamfaa. Uvimbe ukizidi sentimita tatu hivi, au ukianza kukandamiza shina la ubongo, mara nyingi upasuaji hutangulia. Mwulize daktari ukubwa kwa sentimita, na mishipa gani iko jirani. Ukipangiwa siku, vaa blauzi ya vifungo mbele, maana nguo ya kuvulia kichwani haipiti kwenye fremu.