Uzamivu wa Uuguzi wa Vitendo: Tathmini ya Mwaka wa Kwanza

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamivu ya uuguzi wa vitendo katika chuo kimoja cha Marekani, nikisoma kwa mtandao hapa Mombasa baada ya zamu. Tofauti na uzamivu wa utafiti, unaolenga kuzalisha maarifa mapya, shahada hii humtaka muuguzi atumie ushahidi uliopo kuboresha huduma wodini. Mradi wangu unahusu vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyompata mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuzwa, na hapo ndipo nilipoona thamani ya ada. Saa 1,000 za mazoezi ya kazi ambazo chuo changu kinanitaka nitimize baada ya shahada ya kwanza si mzaha. Kinachokera ni ratiba: mhadhara unaoanza saa moja jioni kwa saa za New York hunikuta saa nane au tisa usiku, na chuo hakirekodi vipindi vyote.