Milima ya mchanga ya Shela wakati wa kusi

Nilikwenda Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, mwishoni mwa Mei, msimu ambao nyumba nyingi za wageni katika kijiji cha Shela hufungwa, mafundi wakaezeka makuti upya. Nilionywa kuhusu mvua, kusi (upepo mkali wa kutoka kusini) na bahari iliyochafuka. Yote niliyakuta, na bado nitarudi msimu huohuo.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha mpaka vichochoro vya mji vikawa mito. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilifuata ufuo kwa miguu hadi Shela, kama dakika 40. Kule vilimani nikatafuta dimbwi, sikuona hata moja! Mchanga ulikuwa umeshikana, ukikanyaga huzami. Januari iliyopita, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, nilizama hadi vifundoni na nyayo zikiungua.

Mzee mmoja niliyemkuta karibu na Msikiti wa Ijumaa, ule wenye mnara mweupe, uliojengwa 1829, ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, ile ndiyo birika yetu ya kuhifadhia maji," akanionyesha vilima. Mvua ikishuka, mchanga huinywa na kuichuja, kisha maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Visima vya Shela huteka hapo, na mji wa Lamu hunywa. Mtu akijenga juu ya vilima au akachimba choo, anachafua birika hiyo. Maji yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Mimi nilikuwa nimekuja mara mbili kupiga picha tu, sikulijua hilo, na liliniuma.

Juu kileleni kusi linapiga kweli, chembe za mchanga zinachoma miguu. Lakini ufuo wote kuelekea Kipungani, kilomita kama 12, ulikuwa wangu na kaa. Ni ufuo huohuo ambako watu wa Lamu waliwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19.

Kuogelea sikuthubutu, mawimbi ni makali. Chupa za plastiki zilizoletwa na bahari zilinisikitisha. Nahodha wa boti ya kurudi alipandisha nauli tukiwa katikati ya maji, kwa hiyo patana mbele ya mashahidi. Chakula beba chako.

Na ile mimea inayotambaa, yenye maua ya zambarau, tafadhali usiikanyage. Ndiyo inayoushika mchanga usihame.