P-64 yangu, na fundi aliyetupa springi

Karibu mwezi mzima nimejizuia nisiandike nikiwa na hasira, lakini wapi, haijaisha.

Hapa Houston nilinunua P-64, bastola ndogo ya jeshi la Poland iliyotengenezwa Radom enzi za ukomunisti. Niliipenda nilipoishika tu: chuma kitupu, nyeusi ya kung'aa, inajaa kiganjani. Ila risasi ya kwanza, kama hujaivuta nyundo kwa dole gumba, ni adhabu: traiga ni nzito mno. Kidole kinatetemeka, mtutu unayumba, shabaha unaipata kwa bahati. Mimi niliyepita JKT na kupiga SMG bila shida, nikaaibika mbele ya watoto wa watu.

Wenye P-64 wengi huishia dawa moja: kutoa springi ya nyundo na kuweka laini. Nikampelekea fundi bunduki, nikamwambia kabisa, ya zamani unirudishie. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipokwenda kuichukua, traiga siagi! Akaijaribu palepale kwa risasi zake za ganda la shaba, zikalia zote. Nikatoka nacheka. Nyota tano nilishaziandika kichwani.

Jumamosi nikaenda uwanja wa shabaha wa nje na risasi zangu za Kirusi, za ganda la chuma, nilizojiwekea kabla Marekani haijaanza kunyima vibali vipya vya kuziingiza mwaka 2021. Navuta: tak. Kimya. Nasubiri nusu dakika, mtutu ukiangalia mbele kama inavyotakiwa, navuta tena: paa! Inayofuata: tak. Magazini inabeba sita, tatu ziligoma. Ukitazama kitako cha risasi, alama ya pini ni kama imeguswa na ukucha. Fataki za Kirusi, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, ni ngumu, na ile springi nzito niliyokuwa nailaani ndiyo iliyokuwa inaziamsha bila kubembeleza.

Nikarudi kwa fundi. Kwa upole, nasema kweli. Sijamaliza kueleza, ananiambia risasi zangu takataka, na kwa bastola ya bei ile nilitegemea nini? Sawa, nipe springi yangu. "Nilitupa." Basi. Anatafuna sandwichi, macho kwenye simu. Kitu kimekaa ndani ya bastola miaka kwa miaka, kimevuka bahari, kinaishia kwenye ndoo ya taka ya mtu ambaye hata samahani haijui! Na bakshishi nilimpa.

Mama watoto ananiuliza, "Baba, kelele zote hizi za springi?" Ndiyo, za springi.

Nimeagiza nyingine ya uzito wa katikati, nikaifunga mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Sasa zinalia zote, za Kirusi na za shaba, na traiga ina uzito wa kibinadamu. Tuseme ukweli, kuhusu risasi fundi hakukosea sana. Za shaba hazijawahi kugoma hata siku moja. Lakini si angeniuliza mapema napiga risasi gani?

Bastola naipa nyota nne. Moja naikata kwa jinsi inavyoumiza kiganja ukifika magazini ya tatu. Fundi nilitaka kumpa mbili, maana mkono wake ni msafi, hakuacha hata mkwaruzo. Halafu nakumbuka ile sandwichi. Moja. Na springi yangu bado naidai.