Likizo ya utulivu Anguilla: fedha itumike wapi

Anguilla ni kisiwa chembamba cha mawe ya chokaa katika Karibiani ya mashariki, kaskazini kidogo ya Saint-Martin, chenye urefu wa kilomita 26 hivi na eneo la kilomita za mraba 91. Hakina milima wala mito, kasino haipo, na meli kubwa za watalii hazitii nanga hapo. Kinachouzwa ni fukwe, chakula na utulivu, na vyote vitatu havipatikani kwa bei ya chini. Kwa maoni yangu bei hiyo inastahili, lakini kwa yule tu anayeipanga safari yake kwa utaratibu ufaao: achague kwanza ufukwe, kisha mwezi, kisha atakula wapi mchana, na hoteli aifikirie mwisho kabisa. Wageni wengi huanza na hoteli, wakaimaliza bajeti yao kwenye chumba, halafu wakashinda siku zote ndani ya ua mmoja kama mahabusu wa kifahari. Hao ndio wanaorudi makwao wakisema kwamba Anguilla inachosha.

Sifa ya fukwe zake haitokani na matangazo. Kwa kuwa kisiwa ni tambarare na hakina mto hata mmoja, hakuna tope linalosombwa na mvua hadi baharini, na mchanga wenyewe umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika kwa karne nyingi; ndiyo maana maji huwa maangavu kiasi kwamba mtu aliyesimama kina cha kifua huziona kucha za miguu yake. Kwa desturi huhesabiwa fukwe 33, na zote ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli ambazo lango lake humtia mpita njia wasiwasi. Shoal Bay East ndiyo inayopigwa picha kuliko zote, nayo inastahili sifa hiyo, hasa kwa anayependa kuvaa miwani ya kuogelea na kutazama samaki kwenye matumbawe yaliyo karibu na pwani. Rendezvous Bay, upande wa kusini, ni ghuba ndefu inayotazamana na vilima vya Saint-Martin, na kwa matembezi ya alfajiri sijaona inayoishinda. Meads Bay imekusanya hoteli na migahawa kadhaa ya hadhi, hivyo anayekaa hapo anaweza kwenda kula kwa miguu na kuliacha gari. Little Bay iliyo chini ya majabali haifikiwi kwa gari: mtu hupelekwa kwa boti kutoka Crocus Bay, au hushuka mwambani akishikilia kamba iliyofungwa juu, na njia hii ya pili siipendekezi kwa mwenye watoto wadogo wala kwa mwenye kikapu cha chakula begani.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya hoteli havilisemi, nalo linaweza kuiharibu likizo iliyolipiwa vizuri. Katika miezi ya baridi ya kaskazini, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, dhoruba za mbali katika Atlantiki husukuma mawimbi mazito hadi pwani ya kaskazini ya kisiwa, na Meads Bay, ambayo jana ilikuwa shwari, leo inakuwa si mahali pa kumwachia mtoto aogelee. Siku hizo hizo pwani ya kusini, yaani Rendezvous Bay na Maundays Bay, huwa imetulia. Kwa hiyo anayekwenda wakati huo na hataki kukodi gari afadhali akae kusini. Mwenye gari halimsumbui hilo, maana kutoka pwani moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache. Wakati wa kiangazi cha kaskazini hali hugeuka, na mwani wa rangi ya kahawia unaoelea kutoka Atlantiki unaweza kurundikana kwenye baadhi ya fukwe zinazopokea upepo wa mashariki, ukaoza na kutoa harufu isiyovumilika.

Kuhusu mwezi wa kwenda, msimu mkuu ni katikati ya Desemba hadi Aprili, na katika wiki za Krismasi na Mwaka Mpya hoteli kubwa hudai mgeni alipie idadi fulani ya usiku hata kama hatazimaliza. Mimi ningechagua Mei au Juni mapema: bahari imetulia, bei zimeshuka, na migahawa bado iko wazi. Msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, lakini hatari kubwa iko Agosti hadi Oktoba, na Septemba na Oktoba hoteli na migahawa mingi hufunga kabisa. Kimbunga Irma, cha daraja la 5, kilikipiga kisiwa hiki tarehe 6 Septemba 2017 na kubomoa mengi. Hoteli kadhaa zilichukua zaidi ya mwaka kufunguliwa tena. Anayelipia mapema kwa miezi hiyo asiache kununua bima inayotaja vimbunga waziwazi.

Sasa malazi. Hoteli mbili ndizo zilizokipa kisiwa jina katika miaka ya 1980: Malliouhana, iliyofunguliwa mwaka 1984 juu ya jabali la Meads Bay, na Cap Juluca ya Maundays Bay, iliyofunguliwa mwaka 1988 ikiwa na makuba na matao meupe ya mtindo wa Kimoroko. Baadaye zikaja nyingine, zikiwemo Four Seasons karibu na Meads Bay na Zemi Beach House ya Shoal Bay East. Zote ni nzuri kwa namna yake, na zote zinafanana katika jambo moja: mgeni hulipia mandhari ambayo, kisheria, angeyapata bure kwa kutembea ufukweni. Pendekezo langu ni kupanga nyumba au fleti ndogo yenye jiko, ama South Hill, juu ya kilima, ama Sandy Ground karibu na bandari, kisha kuhamia hoteli ya kifahari kwa usiku mmoja au mbili za mwisho. Utaratibu huo una faida nyingine: huduma ya hoteli humfurahisha zaidi mtu ambaye amekuwa akijipikia chai mwenyewe.

Fedha iliyookolewa kwenye chumba iende kwenye chakula cha mchana, kwa sababu hapo ndipo Anguilla inapovishinda visiwa vingi vya ukubwa wake. Kutoka gati la Sandy Ground boti ndogo huwapeleka watu Sandy Island, kipande cha mchanga chenye minazi michache na mgahawa mmoja, ambacho kutoka pwani huonekana kama kinaelea. Huko huchomwa kamba-koche, na pia jamii yake ndogo yenye nyama tamu zaidi, ambayo mimi huipendelea. Mpishi humpasua kamba-koche katikati kwa kisu kizito, akamlaza kwenye wavu upande wa nyama kwanza hadi ushike rangi, halafu akamgeuza na kumwagia siagi iliyochanganywa na kitunguu saumu ndani ya gamba lake, ikachemka humo humo. Mtu hula akiwa na mavazi ya kuogelea, miguu mchangani, na akitaka huingia majini kabla ya kahawa. Meza iwekewe nafasi mapema, maana viti havitoshi siku za Jumamosi na Jumapili.

Kwa anayetaka meza yenye kitambaa, Blanchards ya Meads Bay imekuwapo tangu mwaka 1994, na pembeni yake kuna kibanda cha wenyewe hao hao kinachouza vyakula vyepesi kwa bei ambayo haimnyimi mtu usingizi. Ningemshauri mgeni aende kibandani mchana na aingie mgahawani jioni moja tu. Hata hivyo, mlo ambao ningeurudia bila kufikiri ni ule wa kando ya barabara The Valley, mji mkuu, siku za mwisho wa wiki, ambapo mapipa ya chuma yaliyokatwa katikati hugeuzwa kuwa majiko na moshi wa mbavu na kuku hukufikia kabla hujaegesha gari. Nyama hufuatana na mkate mdogo wa unga wa ngano uliokaangwa, ambao hufaa kufutia mchuzi uliobaki. Mtu hula amesimama, akijifutia kwa karatasi, na wanaopanga foleni nyuma yake ni wafanyakazi wa hoteli zile zile alizoshindwa kuzilipia. Nikiulizwa umaridadi wa kisiwa hiki uko wapi, naanza kuutaja hapo.

Muziki nao una mahali pake. Bankie Banx, mwanamuziki wa rege aliyezaliwa kisiwani, alijenga ukumbi wake wa Dune Preserve kwenye vilima vya mchanga vya Rendezvous Bay kwa kutumia mbao zilizookotwa ufukweni na mabaki ya mashua, na tamasha lake la Moonsplash limekuwa likifanyika tangu mwaka 1991. Baa za Sandy Ground huchangamka usiku. Kwingineko watu hulala mapema.

Kama tarehe zinaruhusu, safari ifuatane na mashindano ya mashua, mchezo ambao wenyeji wanaupenda kuliko kriketi. Mashua hizi hazina injini wala sitaha. Zina mlingoti mmoja na tanga lililozidi kimo cha chombo, na ndani yake hujaa watu na mifuko ya mchanga ya kuongeza uzito. Asili yake ni ya kazi: mwanzoni mwa karne ya 20 wanaume wa Anguilla walisafiri kwa majahazi kwenda kukata miwa katika Jamhuri ya Dominika, na wakati wa kurudi manahodha walishindana nani atafika nyumbani kwanza. Siku ya mashindano barabara za pwani hujaa magari yanayofuata mashua kutoka ghuba hadi ghuba, watu wakiegesha ovyo, wakipanda majabali, wakibishana kama nahodha amegeuza tanga mapema mno, na fedha za dau zikibadilishana mikono. Tarehe mbili ndizo kubwa: Mei 30, sikukuu ya kukumbuka mwaka 1967 ambapo wakazi waliwafukuza polisi wa kisiwa cha Saint Kitts na kukataa kutawaliwa kutoka huko, na Jumatatu ya kwanza ya Agosti, ambapo Sandy Ground yote huwa sherehe moja. Anayetafuta ukimya aikwepe hiyo ya Agosti.

Kufika si kugumu, lakini hakutaki haraka. Tangu Desemba 2021 kuna ndege za moja kwa moja kutoka Miami. Wengine wengi hushuka uwanja wa Princess Juliana, upande wa Kiholanzi wa kisiwa jirani cha Saint-Martin, kisha wakavuka kwa boti za kukodi zilizo karibu na uwanja, au kwa feri ya umma inayotoka Marigot, upande wa Kifaransa, na kufika gati la Blowing Point, Anguilla, kwa muda usiozidi nusu saa. Kwa kuwa njia hizo zinapita katika mamlaka tofauti, anayehitaji visa ahakikishe masharti ya kila upande kabla ya kukata tiketi. Ukifika, kodi gari: teksi zina nauli zilizopangwa na serikali na hazina ujanja, ila safari chache tu za chakula cha jioni hufikia bei ya gari la siku nzima. Dereva hupewa leseni ya muda, huendesha upande wa kushoto, na mara nyingi hukuta usukani uko kushoto pia, kwa sababu magari mengi huletwa kutoka Marekani. Mbuzi hupita barabarani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kasoro kubwa ni gharama zinazojificha. Sarafu rasmi ni dola ya Karibiani ya Mashariki, iliyofungwa kwenye kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu mwaka 1976, lakini bei za wageni huandikwa kwa dola za Marekani, na juu ya bei hizo huongezwa ada ya huduma pamoja na kodi. Katika mgahawa mmoja nililetewa risiti ambayo tayari ilikuwa na ada ya huduma, na chini yake mstari mtupu wa kuandika bahashishi, bila mhudumu kusema lolote. Aliyechoka na jua angelipa mara mbili. Vyakula vya dukani navyo ni ghali kwa sababu karibu kila kitu huletwa kwa meli, hivyo jiko la nyumba ya kupanga hufaa zaidi kwa kifungua kinywa kuliko kwa milo yote.

Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Princess Juliana alasiri, kwa hiyo siku ya mwisho boti ya asubuhi ndiyo salama, hasa kwa anayepitia Marigot, ambako foleni ya magari kuelekea uwanjani inaweza kula saa nzima. Gari la kukodi huachwa pale gatini Blowing Point ikiwa mmekubaliana hivyo na mwenye kampuni. Mwulize siku unapolichukua.