Kuanika nguo ndani ya nyumba: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukitaka kujua kama suruali ya shule imekauka, usishike mguu wake. Shika kiuno, pale kitambaa kilipokunjwa mara tatu na lastiki ikapita katikati. Kwetu nimeshika viuno vingi alfajiri, mtoto amesimama mlangoni na fulana tu, na kiuno bado kibichi. Familia yetu ni ya watu sita, vyumba vichache, ua hakuna, na kufua ni karibu kila siku. Nilinunua stendi tatu za kuanikia, moja baada ya nyingine, kabla sijaelewa kwamba stendi inashika nguo tu. Kinachokausha ni hewa, na hewa ya chumba kidogo inashiba upesi sana.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kilo 5 za nguo zikitoka kwenye mashine iliyokamua kwa mizunguko 800 kwa dakika, zinakuwa bado na maji kama lita 3 na nusu. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2 na nusu: hewa yake ni mita 30 za ujazo. Kwenye nyuzi joto 20, mita moja ya ujazo haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 17 hivi. Chumba kizima, hata kingeanza kikiwa kikavu kabisa, kinashiba kwa nusu lita. Kwenye nyuzi joto 30 kinafika kama gramu 900. Zile lita nyingine zinajitafutia pa kukaa: kwenye kioo cha dirisha kinachotoka jasho, kwenye kona ya ukuta nyuma ya kabati, kwenye godoro. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 na kukaa hapo siku kwa siku, ukungu unapata nyumba, na mwenye pumu anaanza kukohoa usiku.

Kwa hiyo kila chombo hapa chini nimekipima kwa maswali mawili. Maji yanaondoka ndani ya nyumba, au yanahamia ukutani? Na watoto wanapata pa kupita?

Kabla ya chochote: kukamua

Kama bado hujanunua mashine ya kufulia, au unakaribia kuibadilisha, angalia namba ya mizunguko kabla ya kuangalia rangi na vitufe. Kutoka mizunguko 800 kwenda 1,400 unaokoa kama lita nzima ya maji kwa kila kilo 5 za nguo, na umeme unaotumika kuyatoa hivyo ni mdogo mno ukilinganisha na wa kuyageuza mvuke. Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunataka takriban uniti 0.7 za nishati, iwe kwa hita, kwa mashine, au kwa joto la chumba chenyewe.

Anayefua kwa mkono ndiye atakayefaidika zaidi. Mikono, hata ikiwa na nguvu namna gani, inaacha maji mengi kwenye taulo na jinzi. Vipo vikamulio vidogo vinavyosimama peke yake, pipa jembamba lenye mdomo wa kumwagia maji chini, na vingine vinazunguka hadi mara 2,800 kwa dakika. Dakika tatu nne, nguo inatoka nyepesi. Havibebi nyingi kwa mara moja, na usipozipanga sawasawa pipa linatikisika hadi linasogea sakafuni, lakini kama ningeanza upya bila mashine, hicho ndicho kingekuwa kitu changu cha kwanza. Hata mwenye mashine anaweza kurudia mzunguko wa kukamua peke yake kwa taulo. Ni bure na huchukua dakika kumi hivi.

Nafasi ya 1: kianikio cha darini, pamoja na feni

Hiki ni fito nne au sita zinazoning'inia darini kwa kamba na kapi. Unakishusha hadi usawa wa kifua, unaanika, unakipandisha. Sakafu inabaki ya watoto. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo nguo zinakaa mahali penye joto kuliko pengine popote chumbani, na hakuna anayezigusa kwa mikono michafu akipita.

Angalia urefu wa fito zote ukijumlisha. Mkupuo wa kilo 5 unataka kama mita 15 kama hutaki nguo zikumbatiane. Fito za mbao laini zilizopigwa msasa vizuri hazina shida. Za chuma kilichopakwa plastiki zina shida yake, nitaieleza kwenye stendi. Nguo zikiwa mbichi, mzigo ule ni kilo 8 na zaidi, kwa hiyo skrubu lazima ziingie kwenye boriti ya dari au kwenye zege. Kwenye ubao mwembamba wa dari zitang'oka, na zitang'oka siku ya mashuka. Kamba ifungwe juu kwenye ndoano ya ukutani, mbali na mtoto mdogo asiweze kuifikia wala kujizungushia shingoni. Hilo halina mjadala.

Halafu feni. Feni ya kusimama ya wati 50 ikipuliza saa sita imekula uniti 0.3 tu. Kazi yake ni kuondoa ule utando wa hewa iliyoshiba unaoshikilia nguo, na kuleta hewa yenye nafasi. Ielekeze ipite ubavuni mwa nguo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Kama nje ni baridi kuliko ndani, fungua hata kama mvua inanyesha: hewa ya nyuzi joto 10 inabeba gramu 9 hivi tu kwa mita ya ujazo, na ikiingia ndani ikapata joto inakuwa na nafasi tele ya kunyonya. Kama nje kuna joto na fukuto kuliko ndani, kufungua hakukusaidii kitu, na hapo ndipo chombo cha pili kinapohitajika.

Huna ruhusa ya kutoboa dari? Kuna vianikio vya ukutani vinavyokunjuka kama mlango na kurudi bapa. Vinabeba nguo chache, lakini juu ya beseni la bafuni vinafaa sana.

Nafasi ya 2: mashine ya kunyonya unyevu

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya gharama na kwa sababu inahitaji umeme usiokatika. Ila kama madirisha yako hayafunguki vizuri, au nyumbani kuna mwenye pumu, ihamishie nafasi ya kwanza bila kusita.

Inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, mvuke unageuka matone, matone yanaanguka kwenye tangi. Unaona maji kwa macho yako. Mara ya kwanza kwetu tuliacha nguo za mkupuo mmoja chumbani, mlango umefungwa, mashine imewekwa chini ya stendi. Asubuhi binti yangu alilibeba tangi kwa mikono miwili kwenda kulimwaga, maji yanacheza ukingoni, akaniuliza nani ameyatia humo. Yote yalikuwa yametoka kwenye nguo na kwenye hewa tuliyokuwa tunaivuta usiku.

Nyingi za ukubwa wa nyumbani hula wati 200 hadi 300. Ikifanya kazi saa saba kwa wati 200 ni uniti 1.4, na joto lote hilo linabaki chumbani likisaidia kukausha. Muhimu ni mlango na dirisha vifungwe, la sivyo unakausha dunia nzima.

Dukani watakuambia ni ya lita 12 au 20 kwa siku. Kipimo hicho mara nyingi kimechukuliwa kwenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwenye chumba cha baridi itatoa kidogo kuliko hapo, tena kidogo sana. Chini ya nyuzi joto 15 aina hii inachoka, na kwenye nyumba za baridi kali inafaa zaidi ile inayotumia kemikali kavu ya kunyonya maji, ingawa hiyo inakula umeme zaidi. Uliza mambo matatu: tangi lina ujazo gani, linajizima likijaa, na je, kuna mahali pa kuunganisha mpira wa kumwagia maji moja kwa moja. Omba iwashwe pale pale usikie mlio wake, maana utalala nayo.

Iwe utaichukua au hutaichukua, nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka ukutani. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na kitakuonyesha mengi kuhusu nyumba yako ambayo pua imeshayazoea.

Nafasi ya 3: mashine ya kukaushia yenye pampu ya joto

Pampu ya joto hulitumia joto lile lile tena na tena badala ya kulitupa nje. Kwa familia yenye mtoto wa nepi na wengine wawili wa shule, hii ni ukombozi. Mkupuo wa kilo 8 kwa kawaida unakula uniti 1.5 hadi 2, wakati za kizamani zinazopuliza hewa ya moto nje zinafika 4 au 5. Haihitaji tundu la ukutani, maji yanaingia kwenye tangi au kwenye bomba la kutolea. Joto lake ni la wastani, kwa hiyo lastiki na pamba haviumii sana. Ubaya wake ni mwendo: saa mbili hadi tatu kwa mkupuo. Na bei. Na kichujio cha nyuzinyuzi, ambacho lazima kisafishwe kila mara, bila kuruka hata siku moja, kwa sababu vumbi la nguo linashika moto upesi.

Ile inayopuliza nje, kama mpira wake hautatolewa nje kweli, usiilete ndani. Itamwaga lita zote zile za mvuke chumbani kwa saa moja.

Nafasi ya 4: stendi ya kukunja

Hii utakuwa nayo tu, na ipo nzuri na mbaya. Ya kwanza niliyonunua ilivunjika kwenye kiungo cha plastiki, pale bawa linapojishikiza mguuni. Ya pili ilipata kutu kwenye maungio, rangi ya plastiki ilipopasuka, ikachora mstari wa kahawia kwenye shati jeupe ambao haukutoka hadi leo. Kwa hiyo shika viungo kwanza. Vikiwa vya plastiki nyembamba, rudisha. Fito ziwe za chuma kisichoshika kutu au za alumini, tena nene, zisiache alama. Bonyeza bawa moja kwa mkono uone kama stendi inainuka upande wa pili; ikiinuka hapo dukani, mtoto ataiangusha nyumbani.

Nyingi zina fito zilizobanana sana. Anika ukiruka fito moja moja. Nguo chache zenye nafasi zitakauka, ukaanua, ukaanika nyingine, kabla zile zilizosongamana hazijaanza kunuka. Uvundo ule una mwenyewe: mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria aitwaye Moraxella osloensis ndiye chanzo kikubwa cha harufu hiyo, naye anastawi kadiri nguo inavyokaa mbichi. Shati zianike kwenye hanga, jinzi uzigeuze ndani nje mifuko ikining'inia, taulo usiikunje katikati.

Nafasi ya 5: kamba ya kujivuta

Ni ile inayojiviringa ndani ya kasha lake ukiiachia. Inafaa kwenye korido, kwa nguo nyepesi. Tatizo ni ukuta. Nguo za kilo 8 zilizotandazwa kwenye kamba ya mita 4 iliyolegea sentimita 10 tu, zinavuta kila ndoano kwa nguvu ya kama kilo 40. Iache ilegee, au punguza nguo.

Nafasi ya 6: stendi ya umeme

Inapendeza kwa kuitazama. Wati 250 kwa saa nane ni uniti 2, inakausha pale nguo inapogusa fito, kwapa na kiuno vinabaki vibichi, na mvuke wote unabaki chumbani. Inafaa kwa aliye na mashine ya kunyonya unyevu tayari, tena akiifunika kwa shuka jembamba joto lisipotee.

Usinunue, usifanye

Nguo juu ya hita ya umeme zinaunguza nyumba. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Hata jiko la gesi unaloliwasha ili nguo zikauke linaongeza mvuke, kwa sababu gesi ikiungua inazaa maji. Usiku wa mvua, kama kuna suruali moja tu inayotakiwa asubuhi, itandaze juu ya taulo kavu, uzikunje pamoja kama mkeka, ukanyage kwa miguu kuanzia kiunoni, kisha uitundike mbele ya feni kiuno kikiwa wazi kama mdomo.