Empanada za Famaillá: usivae shati jeupe

Kibanda chenyewe hakina jina. Kuna kipande cha boksi kimefungwa kwenye nguzo, kimeandikwa kwa mkono HAY EMPANADAS, yaani empanada zipo, na chini yake kibao cha bei kwa chaki. Siku ya kwanza nilimkuta kijana wa pale akiifuta bei na kuandika nyingine. Siku ya tatu ikafutwa tena. Pesa ya Argentina ndivyo ilivyo, kwa hiyo bei sitawatajia, itakuwa uongo kabla hamjamaliza kusoma. Jueni tu kwamba dazeni moja ilitushibisha watu watatu, na mmoja wetu alikuwa dereva wa lori la malimau.

Mimi ni mtu wa Muheza, mtu wa machungwa. Nilikwenda mkoa wa Tucumán, kaskazini magharibi mwa Argentina, majuma mawili kujifunza magonjwa ya michungwa na milimau, maana mkoa huo ndio unaotoa malimau mengi kuliko yote nchini humo. Asubuhi tunatembezwa mashambani, mchana tunalishwa. Kufika siku ya nne nilikuwa naangalia saa tangu saa tatu asubuhi.

Famaillá ni mji mdogo, kama kilomita 35 kusini mwa San Miguel de Tucumán, makao makuu ya mkoa. Kwa Waargentina, kutaja Famaillá ni kutaja empanada. Kila Septemba hufanyika hapo sikukuu ya taifa ya empanada, akina mama wanashindana, na aliyeshinda anatundika kibao nyumbani kwake kwamba yeye ni bingwa wa mwaka fulani. Unapita mtaani unasoma ubingwa kama vile kwetu unavyosoma matangazo ya waganga. Kibanda ninachokisifu hapa hakina ubingwa wowote ukutani. Mwenyewe aliniambia hajawahi kushindana, hana muda wa kusimama jukwaani.

Kwa asiyeijua: empanada ni duara la unga wa ngano lililokunjwa katikati likawa nusu mwezi, ndani nyama, ukingo umesokotwa. Neno lenyewe la Kihispania linatokana na kuvika kitu mkate. Ukiitazama kwa mbali utasema sambusa iliyonenepa. Mimi nilisema hivyo, na kwa kosa hilo nikaumbuka.

Niliichukua ile ya kwanza kama ninavyochukua sambusa: kwa vidole viwili, mdomoni, katikati. Ikapasuka. Mchuzi wa moto ulinitoka kidevuni ukashuka kwenye shati jeupe nililolivaa kwa ajili ya mkutano wa saa nane, rangi ya machungwa, na harufu ya bizari nyembamba ikanifuata mkutanoni mpaka jioni. Dereva akacheka, akasimama kunionyesha: miguu unaitanua, kiwiliwili unakiinamisha mbele, mchuzi ukidondoka uanguke chini katikati ya viatu. Wana jina lake kabisa, empanada ya miguu wazi. Unang'ata ncha tu, unanyonya kidogo, halafu unakamulia limau kwenye kile kitundu. Ndipo unakula. Uma hakuna, na ukiuomba watakuangalia kama uliyeomba kijiko cha kulia embe.

Sasa, mimi nimelelewa na shangazi anayeuza sambusa Pongwe, na kwa shangazi sheria ni moja: nyama ikauke. Kima unakikaanga mpaka maji yote yaishe, unakipoza, unakichuja mafuta, maana tone moja la maji likiingia kwenye manda, sambusa inapasukia karaini na mafuta yanakurukia. Nimekula makofi kwa sababu ya kima chenye maji. Kwa hiyo swali langu pale Famaillá halikuwa la mtalii. Huu mchuzi wameuingizaje humo?

Nikaomba kuingia jikoni. Mwenyewe ni mama wa makamo, wateja wanamwita Doña. Mimi nilimwita mama, akafurahi, kwa sababu kwa Kihispania neno ni hilohilo. Mkalimani wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye haraka ya kula, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho.

Nyama haisagwi. Hilo alilisema mara tatu na kisu mkononi. Ni nyama nyembamba kama kitambaa inayolala kati ya ngozi na mbavu za ng'ombe, wao wanaiita matambre, yaani muua njaa. Anaichemsha kidogo, anaikata kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi, na ile supu haimwagi. Vitunguu vinalainika kwenye shahamu ya ng'ombe, vinatiwa bizari nyembamba, unga wa pilipili nyekundu isiyo kali na kidogo ya ile kali, halafu nyama, halafu supu inarudi. Moto ukizimwa ndipo vinaingia vitunguu majani na mayai ya kuchemsha yaliyokatwakatwa. Viazi hakuna, zabibu hakuna, zeituni hakuna. Ukitaka viazi nenda Salta, mkoa wa jirani, akasema, kwa sauti ile Mtanga anayotumia kumwelekeza mtu Mombasa.

Halafu akafungua friji akanionyesha sinia la jana. Ndipo nikaelewa. Ule mchuzi wote ulikuwa umeganda kwa sababu ya shahamu, mwekundu kama udongo wa Lushoto, kijiko kinasimama wima. Anafunga kitu kigumu, kikavu kabisa kwa mkono. Kikiingia kwenye tanuri la udongo lenye moto wa kuni, unga unakauka kwanza na kujifunga, ndani shahamu inayeyuka, na mchuzi unarudi kuwa mchuzi ukiwa umeshafungiwa. Miaka yote shangazi anapigana na maji, na huyu mama ameyagandisha akayafunga kama tofali.

Nilisimama pale nikaangalia vidole vyake. Duara la unga, upana wa kiganja, kijiko kimoja cha lile donge, anakunja, anabana, kisha anaanza kusokota ukingo: anavuta kidogo, anakunja juu, anabonyeza, anavuta tena, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka. Wenyewe wanasema empanada ya Tucumán sharti iwe na mikunjo kumi na mitatu. Nilihesabu mikunjo ya empanada zake tano nikiwa nasubiri: tatu zilikuwa na kumi na mitatu, moja kumi na miwili, moja kumi na minne. Nilipomwambia akanijibu kwamba tumbo halihesabu.

Tukaanza kuzungumza habari za kwetu. Nikamchorea sambusa kwenye unga uliomwagika mezani, pembe tatu. Akaiangalia akasema bila kusita: hiyo ni ya Waarabu.

Nikashtuka. Kumbe Tucumán imejaa wajukuu wa Wasiria na Walebanoni waliofika kwa meli mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuja na hati za dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki, kwa hiyo wenyeji wakawaita Waturuki, na jina hilo limewaganda mpaka leo. Walikuja na mkate wao wa pembe tatu wenye nyama na limau, ambao siku hizi unauzwa Argentina nzima kwa jina la empanada ya Kiarabu. Yaani pembe tatu yangu ilikuwa imefika kabla yangu.

Na ya nusu mwezi je? Hiyo nayo inatoka Uhispania, na Uhispania Waarabu na Waberberi walikaa karibu miaka 800, tangu 711 mpaka Granada, ngome yao ya mwisho, ilipoanguka 1492. Galicia, pembe ya kaskazini magharibi ya Uhispania, mpaka sasa wanaoka empanada kubwa kama sinia na kuikata vipande, ndani samaki au kome. Wengi wanaofuatilia historia ya vyakula huiona kama ndugu wa sambusak ya Waarabu, na hiyo sambusak, kwa jina, ni ya Uajemi, humohumo ilimotoka sambusa yetu. Wahispania walipoanzisha mji wa Tucumán mwaka 1565 ng'ombe na ngano walikuja nao wao, bizari nyembamba pia. Pilipili ilikuwa inawasubiri huko. Hivyo kwenye lile sinia la friji ninaonja Mediterania na Andes kwa kijiko kimoja, na mama wa watu anasema ni chakula cha kijijini kwao, na ni kweli.

Wanajivunia sana. Uhuru wa Argentina ulitangazwa katika nyumba moja ya San Miguel de Tucumán tarehe 9 Julai 1816, na Famaillá wamejenga mfano wa nyumba hiyo. Siku hiyo ya Julai watu hula empanada kama sisi tunavyokula pilau siku ya Idi, pamoja na mtu ambaye hata historia haimhusu.

Turudi kwenye kibanda, maana hii ni tathmini si mhadhara.

Ya nyama, ya tanurini: sijala kitafunwa kama hicho, na nimezaliwa kwenye nyumba ya vitafunwa. Ya kuku ni nzuri lakini ya kawaida, nyama imechambuka ikawa nyuzi na mchuzi ni mchache. Ya jibini ina kitunguu ndani, na hiyo ichukue ya kukaanga, inatoka na malengelenge usoni kama chapati iliyopikwa vizuri. Ya nyama ya kukaanga niliiacha nusu. Shahamu nje, shahamu ndani, ni kumwonea mtu.

Kasoro zipo. Viti ni vinne, na kimoja kina mguu wa mashaka. Moshi wa kuni unakuingia machoni upepo ukigeuka. Ukifungiwa kwenye karatasi upeleke hotelini, chini zinalowana ndani ya nusu saa, kwa hiyo kula palepale. Na saa saba mchana mama anafunga, analala, anarudi jioni. Nilifika saa saba na dakika kumi siku moja nikakuta mbwa tu.

Kwa ndugu zangu wanaochunga halali: mwenzetu mmoja kutoka Pemba aliuliza mapema na akajibiwa kwa uaminifu. Hakuna nguruwe, lakini ng'ombe amechinjwa kama wanavyochinja wao, na shahamu imo hata kwenye unga, kwa hiyo hata ya jibini haikumfaa. Mama alimchemshia mayai manne, akayala kwa mkate wa dukani na limau, macho yake kwenye sahani zetu.

Na msije mkadhani kila empanada ya Argentina iko hivi. Nilipopita Buenos Aires nilikula moja ya mashine, imegongwa herufi juu ili ujue ya nyama ni ipi na ya jibini ni ipi. Nyama ya kusaga, kavu. Shangazi angeipenda.

Nimejaribu Muheza. Muuza nyama wa sokoni nilimwonyesha kwa kidole juu ya mbavu zangu mwenyewe, akanikatia kipande chembamba, akaniuliza kama nina mbwa. Supu, shahamu, friji usiku kucha, nikaoka kwenye jiko la mkaa na makaa juu ya mfuniko kama tunavyopalia mkate wa kumimina. Mikunjo yangu ilikuwa saba. Shangazi aliletewa ya kwanza, akaing'ata katikati, nami kwa makusudi sikumwonya. Akaliangalia khanga lake, akaniangalia mimi.

"Sambusa gani hii inalia?"

Akanyoosha mkono kuchukua ndimu, akainama mbele bila kufundishwa na mtu, akaimaliza. Kisha akaomba nyingine, akasema nyingine hiyo anaichunguza tu.